Safu ya Tano

Fomu imetoka ofisi ya elimu ya dayosisi,
imekunjwa mara nne mfukoni mwa dereva wa pikipiki,
inanuka petroli.
Safu ya kwanza, jina. Ya pili, darasa.
Ya tatu, mahudhurio ya ibada.
Ya nne, anaijua Sala ya Bwana?
Ya tano, pana kuliko zote: Ukuaji wa kiroho.
Jaza: Bora, Wastani au Hafifu.
Irudi kabla ya saa sita.

Saa moja kasorobo nagonga ringi ya gari
inayoning'inia mkoroshoni karibu na stoo.
Jua la Masasi bado limejificha nyuma ya jiwe,
kivuli kimelala mpaka vyooni,
na watoto wanaingia na vumbi la magotini.
Wametoka kuokota korosho tangu alfajiri.
Mashati yana madoa ya mabibo
ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuyashinda.

Tunaimba.
Darasa la pili wanaukimbiza wimbo,
la saba wanauburuta,
sauti za wavulana zimeanza kupasuka, wanaona haya.
Katikati mahali fulani wimbo wenyewe unapita.

Hilda Nangomwa, wa la tatu, anaomba:
"Bwana, mnada wa Ijumaa usituangushe.
Na mbuzi wa Bibi Alusa apatikane,
ila asipatikane kwetu."
Mkuu wa shule akakohoa ndani ya leso.
Hilda. Safu ya tano.
Nimeinua kalamu, nimeishusha.

Osmundi Mmuni anazijua zaburi kumi na nne kwa moyo,
hakosi hata nukta,
na kila siku bombani anawasukuma wadogo
ajaze ndoo yake kwanza.

Somoe, baba yake alimleta kwa mkono.
"Mwalimu, asome. Mkisali atasimama kwa adabu,
dini yake anayo nyumbani."
Anasimama. Anawanyoosha mstari wale wa awali,
anamfunga mmoja kifungo.
Siku moja aliniuliza,
"Ule ukimya baada ya Amina ni wa nani?"
Nikasema, ni wa wote.
"Basi mimi naupenda ule."
Safu ya nne kwake: hapana.
Ya tano, nani aniambie?

Halafu leo.
Aidani Mchopa, mwenye kigugumizi,
tangu la kwanza hajawahi kujitolea hata kufuta ubao,
ametoka mstarini bila kuitwa,
akapanda ile ngazi ya saruji iliyovunjika, akaanza:
"Ba—"
"Ba—"
"Ba—"

Mwaka jana wangecheka.
Mwaka jana mimi mwenyewe
ningemalizia neno, tuwahi kipindi cha hesabu.
Watoto mia tatu na kumi na mbili.
Nikasikia bomba likidondosha,
nikasikia ringi ikijizungusha kwenye waya wake.
Osmundi alikuwa nyuma yake, hatua moja,
na neno analo, sala nzima anayo mdomoni,
nikaona taya lake linavyokaza
kulizuia.
Somoe aliangalia chini.
Mtoto wa awali alianza kulia, akabebwa, akanyamaza.
Sijui tulingoja kiasi gani.
Jua lilipanda juu ya jiwe, likatufika machoni,
hakuna aliyejikinga kwa mkono.

"Baba," akasema Aidani.

"Yetu," shule nzima ikajibu,
si kwa sauti ya kukariri, ila kama mtu
anayempokea mwenzake mzigo kichwani.

Sasa ni saa sita kasoro dakika kumi.
Dereva yupo nje, anapiga honi mara mojamoja kwa heshima.
Mistari ya fomu imepigwa kwa rula,
jina chini ya jina, kila mtoto na chumba chake,
na lile la asubuhi halikumtokea mmoja.
Halina mstari.

Nimejaza mahudhurio. Nimejaza Sala ya Bwana.
Kwa Aidani, ndiyo, anaijua.
Safu ya tano nimeandika kitu kwa kila mmoja,
kwa sababu mshahara wangu nao una fomu yake.
Lakini nimeandika kwa penseli,
na sikukandamiza.